Trilioni Akilini

Kibao cha kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kinatangaza mita 5,895, na kwa wanaopima kwa futi, 19,341. Waongozaji wa Moshi huzitamka tarakimu hizo kwa Kiingereza bila kusita. Mwingereza hupenda kutia "na" baada ya mamia, Mmarekani mara nyingi huiacha, na mwongozaji mzoefu humfuata mteja wake. Kisha anafika Mjerumani na kitabu kilichoandikwa 5.895, kwa nukta. Kwa macho ya mwanafunzi wa Marangu hiyo ni mita tano na ushei, kimo cha mgomba uliostawi. Mwanafunzi huyo naye ana safari yake: darasa la saba alizoea laki tano, na kidato cha kwanza anakuta Kiingereza cha shuleni hakina laki.

Alama hurekebishwa upesi. Maneno ni makaidi zaidi. Hadi 1916, Moshi ilipokuwa chini ya Wajerumani, bilioni ya mtawala ilikuwa milioni mara milioni, yaani moja yenye sufuri kumi na mbili. Waingereza waliochukua nafasi yao walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ikatangaza kwamba takwimu zake zitafuata Wamarekani, na bilioni ikapungua mara elfu moja. Bilioni ya bajeti ya Tanzania leo ni hiyo iliyopungua. Mjerumani angali na ile kubwa, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mkongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa huiita hii ndogo "milliard". Watu wawili waaminifu wanaweza kuapa kwa neno moja, mmoja akamaanisha mara elfu ya mwenzake.

Je, anayetamka trilioni anajua anachosema?

Mwanafalsafa René Descartes aliligusa swali hili mwaka 1641. Pembetatu, alisema, tunaielewa na pia tunaiona akilini. Umbo la pande elfu moja tunalielewa vilevile, lakini hatulioni. Taswira tunayopata haitofautiani na ile ya umbo la pande elfu kumi. Kwa hiyo kuijua namba kubwa ni kujua kanuni zake, wala si kuitazama. Watu hawaridhiki na jibu hilo. Wanataka kuona.

Bajeti ya Tanzania ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Mtu akihesabu shilingi moja kila sekunde, usiku na mchana, milioni ya kwanza ataimaliza siku ya kumi na mbili. Bilioni itamchukua karibu miaka 32, na trilioni moja kama miaka 31,700. Ili aimalize bajeti yote leo, ingembidi awe alianza miaka milioni 1.79 iliyopita, volkano ya Shira ya Kilimanjaro ikiwa imekwisha kuzimika na ile ya Kibo haijazaliwa. Mfano unasisimua, lakini ukiutazama vizuri umebadilisha tu shilingi zisizoonekana kuwa miaka isiyoonekana.

Dini zilizoota mizizi kwenye miteremko ya mlima huu zina hadhari ya zamani kuhusu tamaa hiyo ya kuona. Mfalme Daudi alimtuma Yoabu awahesabu watu, na hesabu ikaliletea taifa adhabu. Kitabu cha Pili cha Samweli kinataja wanaume 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasema 1,100,000 na 470,000. Sensa ni ile ile, jumla ni mbili. Ila kwa waliouawa na tauni vitabu vyote viwili vinakubaliana: 70,000. Wafasiri wamebishana sana kuhusu kosa la Daudi, na maelezo yanayoshawishi zaidi ni kwamba alitaka kuikumbatia nguvu yake kwa jicho moja, kama mali yake.

Qur'ani, katika sura ya Ibrahim, haikatazi kuhesabu neema za Mungu. Inasema tu kwamba atakayejaribu hatazimaliza. Lakini Mwislamu mwenye duka Moshi mjini hana ruhusa ya kukisia zaka yake. Sehemu moja ya arobaini ya mali iliyofikia kiwango ni lazima ihesabiwe sawasawa. Alichopewa hakina jumla, anachodaiwa kinayo.

Tanzania ilipata somo lake kuhusu madai mwaka 2017. Mwezi Julai Mamlaka ya Mapato iliidai kampuni ya dhahabu ya Acacia dola bilioni 190, kodi pamoja na riba na adhabu. Kwa shilingi ikawa trilioni 424 hivi. Namba hiyo ilikataa kuingia vichwani, basi ikatafutiwa umbo: igawe kwa Watanzania milioni hamsini na kitu, kila mmoja anapata kama milioni nane. Mitaani hesabu hiyo ikageuka gari, Noah moja kwa kila mtu, kama zile zinazopandisha abiria vijiji vya mlimani. Taswira ilikuwa safi kuliko zote alizozikosa Descartes, na ndiyo iliyopotosha, kwani dai lilianza kuzungumzwa kama fedha iliyokwisha kupokelewa.

Kulikuwa na kigawanyo kingine, kisicho na mvuto. Mauzo yote ya Acacia mwaka 2016 yalikuwa kama dola bilioni moja. Bilioni 190 kwa bilioni moja ni miaka 190 ya kuuza dhahabu bila kulipa mshahara wala dizeli. Hapo hakuna cha kuona akilini, ila uwiano unatosha kumfanya msikilizaji aulize swali la pili.

Oktoba 2019 mgogoro ukatangazwa kumalizwa: Barrick, kampuni mama ya Acacia, ingelipa dola milioni 300, na serikali ingepata asilimia 16 ya hisa katika migodi. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Wakigawana fedha hizo, kila mmoja anaondoka na shilingi elfu kumi na moja hivi, ambazo hazinunui hata tairi moja la Noah.