Mche wa Uani

Wako vijana wetu huku Mkokotoni wanaouliza swali ambalo sisi wazee hupenda kulikwepa. Wanasema: ikiwa Mungu ndiye aliyeotesha kila mmea, na sura ya kwanza ya Mwanzo inashuhudia kwamba aliviona vyote kuwa vyema, basi mche mmoja wa bangi uani kwangu una dhambi gani? Simuuzii mtu, simwibii mtu. Nakata kijitawi, nakiotesha, nafurahi kukiona kikitoa mizizi. Ni ujuzi tu. Swali hili linastahili jibu, wala makemeo si jibu.

Tukubali kwanza kwamba ujuzi wenyewe hauna lawama. Hapa kwetu hakuna anayepanda muhogo kwa mbegu. Tunakata shina vipande na kuvifukia. Mgomba tunauhamisha kwa chipukizi, viazi vitamu kwa marando, vanila na pilipili manga kwa vipande vya mti wake. Wengine hulaza tawi la mlimau udongoni likiwa bado limeshikamana na mama yake, na likishatoa mizizi hulikata. Hii ni hekima ya mababu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini kila mkulima anajua tofauti ya mbegu na kipande. Mbegu huchanganya baba na mama, ikazaa kitu kipya. Kipande si mtoto. Ni mama yuleyule anayeendelea kuishi mahali pengine. Utamu wake unakuja wote, na ugonjwa wake pia.

Muhogo umetufundisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1936 mtaalamu H. H. Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, alieleza ugonjwa ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Inzi weupe huueneza, lakini mtu huusafirisha mbali zaidi anapompa jirani yake vipande vya kupanda. Shina laweza kuonekana zima na majani yakapendeza, kumbe chini muhogo umekauka na kuoza. Jirani aliyetoa hakuwa na nia mbaya. Alitoa alichokuwa nacho.

Na bangi je? Wanaoikuza kwa vipande katika nchi za mbali huchagua mmea jike wenye nguvu kuliko yote, wakaukata tena na tena, ili kila mche uwe na ukali uleule. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, kiasi cha kilevi kilikuwa karibu asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2014 kilikuwa karibu asilimia 12. Si kila anayevuta hurukwa na akili, na tusiwadanganye vijana kwa kusema hivyo. Lakini madaktari wanajua kwamba anayeanza akiwa mdogo, na akavuta iliyo kali mara kwa mara, anaiweka akili yake hatarini zaidi.

Sheria inasemaje? Zanzibar inakataza kuilima, na Bara vilevile. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima kuilima nyumbani kwa matumizi yake, na Ujerumani mwaka 2024 iliruhusu miche 3 kwa mtu mzima. Kwa hiyo sheria ya nchi, ambayo tunapaswa kuitii, haimalizi swali la Mkristo. Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwataka wapime zaidi ya kilicho halali: je, jambo hili linafaa? Je, litanitawala?

Tena kuna hoja ya uani. Kijana anasema ni wake peke yake. Lakini kazi yote ya kukata vipande ni kuzidisha. Hakuna anayejifunza kuotesha tawi ili abaki na mti mmoja. Rafiki ataomba kipande. Mdogo wake ataona, na atajifunza bila kufundishwa. Siku polisi wakija, hawataukuta mche ukiwa peke yake. Wataikuta nyumba ya mama yake. Na sisi Wakristo ni wachache hapa. Jirani asiyefungua Biblia anaisoma dini yetu katika nyua zetu.

Basi tufanyeje na kijana huyu? Tutazame tena muhogo. Ugonjwa ulipoenea, mkulima hakufukuzwa shambani. Alionyeshwa shina la kung'oa, akatafutiwa mbegu safi. Kuna makanisa yanayojua kung'oa tu. Kijana anatajwa mbele ya watu, anatengwa, kisha tunashangaa kwamba waliompokea ni walewale waliompa kipande cha kwanza. Mwenye mikono inayoweza kuotesha tawi gumu anaweza kuotesha pilipili manga na vanila, na viungo ndiyo kazi ya kisiwa hiki. Mzee mwenye eka asiyemwachia kijana hata pembe ya shamba asilalamike sana juu ya anachokipanda gizani.

Nasi wazee tujikague. Mtoto anayemwona baba yake akirudi amelewa Jumamosi na kuimba kwaya Jumapili amekwisha pewa kipande, na kimekwisha shika mizizi. Hatuwezi kumwambia kijana kwamba kilicho uani kwake kinatuhusu sote, huku tukisema kilicho chumbani kwetu ni chetu. Kabla ya kwenda kwake na panga, kila mmoja wetu achimbe kwanza chini ya shina lake mwenyewe aone muhogo wake ukoje.