Chimbeni Mashimo Bondeni

Somo: 2 Wafalme 3:9-20



Wafalme watatu walitembea siku saba jangwani, maji yakawaishia, wao na wanyama wao. Wakamwendea nabii Elisha. Nabii aliita mpiga kinubi, mkono wa Bwana ukamshukia, na neno lililotoka lilikuwa neno la kazi: bonde lijazwe mashimo. Upepo hawakuuona, mvua hawakuiona. Walichimba kungali kukavu. Asubuhi maji yalikuja kwa njia ya Edomu, yakakuta pa kukaa.

Sisi watu wa kanisa la manabii tunapenda unabii wa ndoto na wa uponyaji. Unabii wa jembe tunaupita mbio.

Mtu atasema: wale walikuwa na kiu, sisi wa Lubumbashi tunazama. Ni kweli. Lakini dawa ni ile ile, maji yapewe mahali. Mji wetu unapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi. Zamani pori la miombo lilizinywa, na mabonde yenye majani yalizishika, kisha yakazipeleka polepole kwa mito ya Lubumbashi na Kafubu. Pori tulilikata kwa ajili ya makala. Mabonde tuliyagawa parsele. Viwanja tulivimwagia beto, hata kiwanja cha nyumba ya sala. Leo maji yanayotoka kwenye mabati hayana pa kuingia. Yanakimbilia avenyu, na huko kanivo imejaa chupa na sashe.

Tena hewa ya dunia imezidi joto. Kila digrii 1 inaiwezesha kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, basi mvua kubwa inashuka kwa nguvu ambayo mifereji ya wazee haikupimiwa. Kinshasa, Desemba 2022, walikufa watu zaidi ya 100. Kalehe, Mei 2023, zaidi ya 400. Asiwepo wa kusema walikuwa wenye dhambi kutupita; Bwana alikwisha kulijibu neno hilo, Luka 13:4.

Sasa tunaungama. Katika parokia yetu moja maji yalikuwa yanaingia mpaka madhabahuni. Tulifunga, tuliomba, tukajenga ukuta. Mvua iliyofuata hayakuingia. Tulitoa ushuhuda, tukapiga ngoma. Siku ya pili mama mjane, jirani yetu, ambaye hasali kwetu, alikuja na godoro lililolowa. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama sisi ndio tuliomwomba Mungu ayatume maji kwake.

Hatukuwa na jibu. Ngoma zile zilitupigia aibu.

Wazee wamekubaliana hivi. Ukuta utatobolewa mahali pawili. Nusu ya beto itavunjwa, udongo upate kunywa. Upande wa chini wa kiwanja patachimbwa bonde dogo, pana, lisiloshuka sana, mbali na choo na mbali na kisima, lipandwe majani na migomba. Kiangazi watoto watacheza humo. Mvua ikinyesha, maji yatakaa humo siku moja au mbili na kushuka ndani ya udongo; yakipita hapo tutachimba tena, maana maji yanayolala wiki nzima yanazaa mbu. Mvua za mbele zikizidi, bonde litapanuliwa. Ukuta haupanuki.

Wamama wengine wamelia, sababu beto ile ilinunuliwa kwa sadaka zao za kuuza mihogo na makala. Hatuwalaumu. Sadaka yao Mungu aliipokea. Ni sisi viongozi tulioiweka vibaya. Wala kazi hii haiondoi deni la wakubwa wa mji: mifereji mikubwa ni kazi yao, na kila mvua tutawakumbusha.

Salongo itaanza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya mvua. Kila nyumba ilete jembe na ndoo. Mama mjane tumemwomba aje atuonyeshe maji yalipitia wapi. Amekubali.