Nani Amfunde Mwanamke wa Miaka Hamsini?

Ukifika mkoa wa Lindi ukaingia Ruangwa mpaka kata ya Nambilanje, au ukakata kwenda Nachingwea, wilaya ambayo Ruangwa ilimegwa kutoka kwayo, utakuta jambo moja ambalo shule, dini na simu za mkononi hazijaliua: binti havunji ungo akaachwa hivihivi. Hutafutiwa kungwi, akawekwa ndani, akaimbiwa, akafundwa, kisha akatolewa nje na khanga mpya huku mashangazi wakipiga vigelegele. Wala mafundo hayo hayakuishia kwa mwali. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kwa kirefu habari za unyago wa Wayao, Wamakua na Wamakonde, na Wayao walikuwa na litiwo, mafundo ya mwanamke aliyebeba mimba ya kwanza. Wazee walishaona kwamba kila mwili wa mwanamke unapobadilika, mwenye mwili anahitaji watu wa kukaa naye na kumweleza kinachomjia. Ila mlolongo huo una mahali unapokatika. Hedhi ikikoma, hakuna anayebisha hodi. Mwanamke aliyefundwa kuwa mwali, mke na mzazi anaingia nusu ya pili ya maisha yake bila neno hata moja. Hoja yangu ni kwamba ukimya huo unawagharimu wanawake wa makamo afya, fedha na raha ya kuishi, na kwamba watu wa kusini wanayo tayari njia ya kuuvunja.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ambayo siku zinakwenda ovyo: zinakuja nyingi, zinaruka mwezi, zinarudi. Joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni. Jasho la usiku linalowesha shuka, usingizi unakatika saa nane na haurudi, tendo la ndoa linaanza kuuma, hasira na huzuni vinakuja bila sababu inayoonekana. Aliyeelezwa mapema huyapokea haya kama safari yenye mwisho. Asiyeelezwa hana pa kuyaweka isipokuwa kwenye malaria isiyopona, kwenye uchawi wa jirani, au kwenye hofu kwamba akili inamtoka. Na mume, ambaye naye hakuelezwa, huona tu kwamba amekataliwa. Haya yanamkuta katika umri uleule ambao kazi zimemlundikia. Kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka, tazama nani yuko chini ya mkorosho. Mwanamke ameinama, anaokota bibo, anaipindua korosho na kuinyofoa, anaitupa ndooni, anasogea hatua moja, anainama tena. Jioni anazianika, na zikikauka anazichambua nzuri na mbovu kabla gunia halijaenda kwenye ghala la chama cha msingi. Nyumbani yuko mjukuu aliyeachwa na binti aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, yuko mama mzazi asiyeweza tena kujiinua kitandani, na ndoo za maji bado tupu. Katika hali hiyo mwili ukilalamika, jibu lililo karibu ni moja tu: uzee.

Neno hilo linaua. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Ni ugonjwa unaokwenda polepole, kwa miaka mingi, na mabadiliko ya awali yanaweza kuonwa na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Kipimo kinachotumika sana nchini hakihitaji mashine kubwa: mhudumu anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Lakini kipimo hicho kina wakati wake. Hedhi ikishakoma, eneo linalopaswa kuangaliwa hurudi ndani na macho hayalifikii vizuri, ndiyo maana kinafaa zaidi kabla ya miaka 50. Anayesubiri mpaka wajukuu wakue na nafasi ipatikane, anasubiri mpaka kipimo chepesi kimempita. Tangu mwaka 2018 mabinti wanachanjwa nchi nzima dhidi ya kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hii, na hilo ni jema kubwa. Ila bibi zao hawakuipata chanjo hiyo, na kinga yao ni kupimwa. Kuna pia damu inayorudi baada ya hedhi kukoma mwaka mzima. Mtu anaweza kuifurahia akidhani ujana umerejea, kumbe ni dalili ya kupeleka hospitali wiki hiyohiyo. Kuna presha, ambayo mara nyingi haitoi dalili yoyote, na ambayo huzidi kuwapata wanawake baada ya homoni ya estrojeni kupungua, wakati huohuo mifupa nayo ikipoteza nguvu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii ili lieleweke. Yanahitaji mtu wa kuyasema, mahali pa kuyasemea, na ruhusa ya kuyasikiliza bila haya.

Wapo watakaosema kwamba mila haikumsahau mwanamke huyu, kwamba imempa kitu kikubwa kuliko mafundo, yaani heshima. Ni kweli, na sitaki kuipunguza. Katika jamii hizi, ambazo nyingi zilihesabu ukoo kwa upande wa mama, mwanamke mtu mzima ana sauti. Ndiye anayeitwa kwenye mashauri ya ndoa, ndiye anayekuwa kungwi, ndiye anayeruhusiwa kusema mambo ambayo kijana hawezi kuyatamka. Ila angalia heshima hiyo inakwenda upande gani. Anaitwa ili afunde wengine, azalishe wengine, asuluhishe wengine, alee wa wengine. Yote ni utoaji. Kungwi anayejua kila kitu kuhusu mwili wa msichana wa miaka 14 anaweza kuwa hajui lolote kuhusu mwili wake mwenyewe akiwa na miaka 52, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumwambia. Heshima isiyoambatana na maarifa humfanya avumilie zaidi, maana mtu mzima hatakiwi kulia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Kujitunza, wanasema, ni mambo ya wanawake wa mjini wenye mshahara na saluni; mama wa kijijini akianza kujifikiria mwenyewe, nani atawalisha watoto? Nadhani pingamizi hili linatokana na picha mbaya ya kujitunza. Kwa mwanamke wa Nambilanje jambo hilo lina sura nyingine kabisa. Ni kulala mchana kidogo baada ya usiku wa jasho bila kuitwa mvivu. Ni kupima presha zahanati anapompeleka mjukuu kliniki, kwa kuwa ameshafika hapo. Ni hisa zake kwenye kikoba ambazo hazikopwi kwa niaba yake bila yeye kujua. Na ni jina lake. Korosho na ufuta wa wilaya hizi hupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo ya mnada humfuata aliyeandikwa kuwa mkulima. Mwanamke aliyeokota zaidi ya nusu ya mzigo huku akaunti ikiwa ya mume anazeeka bila akiba inayohesabika kuwa yake. Hili lina uzito wa pekee kwa sababu Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Huku Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inazungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, lakini fedha ya kila mwezi mkulima wa kawaida hana. Miaka kati ya 45 na 60 ndiyo ya mwisho ambayo mikono bado ina nguvu ya kuweka akiba. Kumwambia asijifikirie katika miaka hiyo ni kuwaandalia watoto wake mzigo wa baadaye.

Hoja kwamba mtu wa umri huo hafundishiki nchi hii ilikwisha kuijibu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Jaribio la kitaifa la 1975 lilionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili mbu, vyoo na maji, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi waliokaa kwenye madarasa yale chini ya miti walikuwa watu wazima wenye watoto. Walijifunza kwa sababu walijifunza pamoja, kwa lugha yao, mambo yaliyowahusu.

Basi mafundo ya makamo yawe hivyo, na wayaongoze makungwi wenyewe wakiwa na muuguzi wa zahanati. Najua unyago unalaumiwa, na lawama nyingine ni za haki: binti mdogo kuambiwa mambo ya ndoa kabla ya wakati, au kukatishwa masomo, ni kosa lisilotetewa kwa jina la mila. Lakini anayefundwa hapa ni mtu mzima, na anachofundwa ni mwili wake mwenyewe. Na mila hizi zimewahi kugeuzwa zikabaki zetu: huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana aliliingiza jando katika Ukristo karne iliyopita, na watu wakalipokea. Alasiri tatu au nne zinatosha kuanzia. Moja ya mwili na dalili zake, moja ya vipimo, moja ya shamba, akaunti na mirathi, na moja ambayo waume nao waitwe, maana nusu ya ugomvi wa umri huu ni wa kutokujua. Fedha haiwezi kuwa sababu ya kukataa, kwa kuwa kaya hizihizi hununua khanga, mchele na ngoma kwa ajili ya mwali. Wakati unaofaa ni baada ya ufuta kuuzwa na kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili mwenye kubainika na tatizo apate nauli ya kwenda hospitali ya Ndanda au ya mkoa, Sokoine, na muda wa kupona kabla hajarudi kuinama chini ya mkorosho.