Paulo Alikataa Kutoka Kimyakimya

Somo: Matendo ya Mitume 16:19–40

Leo naanza kwa kutubu mbele yenu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa hapa kanisani alinijia usiku. Kijana wake alikuwa ametoka kazini, akakutana na polisi wa doria, wakampiga rungu mpaka mkono ukavunjika. Hakuwa na kosa lolote. Mama akaniuliza, "Mchungaji, tuende tushtaki?" Nikamwambia, "Mama, mwachie Mungu." Tukaomba, akarudi nyumbani. Wapendwa, ile haikuwa imani. Ilikuwa ni uoga wangu.

Kijana akaacha kanisa. Na mtaa ukajifunza kunyamaza. Siku hizi duka likivunjwa, hakuna anayepiga ripoti. Binti akidhulumiwa, familia inaficha. Aliyeona anasema hakuona. Rungu lilimpata mtu mmoja, lakini mtaa mzima unaumwa, na anayefurahi ni mwizi.

Sasa tazama Filipi. Paulo na Sila walichapwa hadharani bila hata kesi kusikizwa, wakafungwa miguu. Usiku wa manane waliimba, Mungu akatikisa gereza. Hapo ndipo sisi hufunga Biblia na kusema amina. Endelea kusoma! Asubuhi wakubwa walituma watu wawaachilie polepole, yaishe. Paulo akakataa. Alisema yeye ni raia wa Roma, na waliompiga waje wenyewe kuwatoa. Na walikuja, wakawasihi. Paulo alikuwa amesamehe, lakini hakukubali uovu ufunikwe. Kusamehe ni kitu kimoja, kunyamaza ni kingine.

Hapa Kenya, mwaka wa 2017, mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani Kisumu polisi walipovamia nyumba wakati wa vurugu za uchaguzi, akafariki. Mwaka wa 2020, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati wa kafyu ya korona. Wazazi wao walisema, na kesi zikafika kortini. Haki inakwenda polepole, lakini haiwezi hata kuanza safari kama sote tumenyamaza.

Kwa hivyo mtu wako akipigwa, mpeleke hospitali kwanza. Weka karatasi zote. Andika siku, saa na mahali. Chukua fomu ya P3. Peleka malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi. Akishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Na usiende peke yako. Wazee wa kanisa wataandamana nawe.

Ndugu zangu askari mnaoabudu nasi, msiinamishe vichwa. Yule mlinzi wa gereza aliokoka usiku ule, na saa ile ile akawaosha vidonda. Toba yake ilishika maji na kitambaa. Mwenzako akiinua rungu bila haki, mzuie.

Wiki iliyopita nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Kijana alinifungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza, "Mchungaji, sasa utaenda na mimi?"

Nimemwambia ndiyo. Tunaenda Jumanne asubuhi. Nani atakuja nasi?