Mgongo wa Mwalimu

Glenn Black wa Marekani alifundisha yoga kwa karibu miaka 40, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo walimu wenye majina makubwa. Mwaka 2012 gazeti la The New York Times lilichapisha makala ya William Broad, mwandishi wa sayansi ambaye mgongo wake ulikuwa umemsaliti mwaka 2007 akiwa katikati ya mkao. Humo Black alitoa onyo zito: watu wengi ni afadhali waachane na yoga, maana ni rahisi mno kuumia, hasa ukiifanya kwa majivuno.

Lakini mganga hajigangi. Black mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa saa 5, pingili za kiuno zikaunganishwa ili asipoteze uwezo wa kutembea. Chanzo alikitaja bila kuficha: miongo minne ya kujipinda nyuma na kujisokota kupita kiasi.

Kisa hicho kinatisha kwa sababu mtu huyu alijua. Kuijua hatari hakutoshi, maana mwili hauumizwi na ujinga peke yake. Huumizwa pia na ile hamu ya kufika mbali kuliko jana, au kuliko aliye kwenye mkeka wa pili.

Tazama mkao wa korongo. Unachuchumaa, unabandika viganja sakafuni, magoti unayaegemeza juu ya viwiko, kisha unasogeza uzito mbele mpaka nyayo zinainuka zenyewe. Mwenye kushindana humwangalia jirani, akaona wa mwenzake umesimama, akabana pumzi na kujirusha. Hapo ndipo pua hukutana na sakafu, na kifundo cha mkono hubeba mzigo ambao hakikujiandaa kuubeba. Mwenye kicheko, yule anayejicheka badala ya kushindana, naye huanguka, tena mara nyingi, ila huanguka vizuri. Huwezi kubana pumzi na kucheka kwa wakati mmoja: kicheko husukuma hewa nje, mabega yakalegea, taya ikaachia, mtu akateremka kabla msuli haujachanika. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wazee walishasema, na kwenye mkeka hata huyo wa kushindana naye hayupo.

Wala kicheko si utovu wa heshima kwa elimu hii ya kale. Patanjali, aliyekusanya misingi ya yoga, alitaka mkao uwe imara na wenye raha. Raha! Mwaka 1995 daktari Madan Kataria alianza na watu 5 katika bustani ya umma mjini Mumbai. Wakasimuliana vichekesho, na vilipowaishia wakaendelea kucheka bila kichekesho chochote, wakachanganya na mazoezi ya kupumua. Ikawa yoga ya kucheka, ambayo leo ina vilabu katika nchi nyingi.

Kuna kicheko kimoja tu ninachokikataa, nacho ni cha kumdhihaki aliyeanguka. Hicho humrudisha kulekule kwenye mashindano, safari hii akiwa na aibu.

Basi wewe unayejifunza, weka mto mbele ya uso wako unapojaribu korongo. Ukianguka, cheka, pumua, ujaribu tena. Ukisikia maumivu makali ya goti, shingo au kiuno, teremka papo hapo, hata kama darasa zima bado liko juu.