Watoto Wanakwenda Saanane

Msikilizaji wa Geita, kama umewaahidi wanao matembezi yao ya kwanza ya mbali, wapeleke kisiwa cha Saanane, pale Mwanza. Palianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Zamani, njiani kwenda Mwanza, tulisubiri kivuko Busisi, mtoto akilia kwa jua. Tangu Juni 2025 tunavuka juu ya daraja la kilomita 3 kwa dakika chache tu.

Ondokeni alfajiri. Beba maji, uji kwenye chupa ya chai, na nguo za kubadili. Usiku wa kuamkia safari, mweleze yule mdogo kabisa kwamba mtapanda boti, na kwamba kila mtu atavaa jaketi la kuokolea, hata baba. Mtoto aliyeambiwa mapema haogopi sana maji.

Mkifika kisiwani, wewe utataka mtoto awaone swala. Yeye atachuchumaa nusu saa akimtazama pimbi juu ya jiwe. Nawaomba sana, wazazi wenzangu, msimvute mkono. Hiyo nusu saa ndiyo aliyoijia. Na akichoka saa saba mchana, rudini naye, hata kama upande wa pili wa kisiwa hamjaufikia.