Mvua ya Jana Ilikuwa Tamu

Yako maneno ambayo mtu huyasema bila nia mbaya yoyote, kisha akayajutia. Mimi nina neno la namna hiyo. Nililisema asubuhi moja ya masika, mjini Tanga, nikiwa nimesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai mkononi. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Nyumba yangu ni ya bati, na kila aliyewahi kulala chini ya bati zima wakati wa masika anaujua usingizi wake. Mvua inavuma juu, wewe umejifunika shuka chini, na ni kama dunia nzima imekupa ruhusa usiende popote.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi, alipita na ndoo kichwani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Mvua ya jana ilikuwa tamu!”

Alisimama kidogo. Hakukasirika. “Tamu kwako, mwalimu,” alisema. “Sisi kwetu tumekesha wima, tunahamisha watoto kutoka pembe hii kwenda pembe ile.” Kisha akaenda zake, kwa kuwa kazi ilikuwa inamngoja.

Nilibaki pale mpaka chai ikapoa. Nyumba yake ya fito na udongo ilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwangu. Makuti yake yalikuwa yamechakaa, nami nilikuwa nikiyaona kila siku. Niliyaona kama mtu anavyoona mti ulio kando ya njia.

Tangu asubuhi ile nimekuwa na swali ambalo sikuweza kulifukuza. Je, mtu ana haki ya kufurahia jambo dogo, la halali, lisilomgharimu mtu senti, hali jambo hilo hilo linamtesa jirani yake? Na kama hana haki hiyo, aiache raha yake? Akiiacha, itamfaa nani?

Kabla ya kujibu, na niziweke mbele yako raha zenyewe, ndugu msomaji, usije ukadhani kuwa ninasema habari za anasa.

Mwaka wa pwani hausomwi kwenye kalenda peke yake. Husikika katika upepo. Wazee wetu waliuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, na kwa hesabu hiyo walijua lini pepo zitageuka na lini mbegu iingie ardhini. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa hata leo, mwezi wa Julai. Kila upepo una tabu zake, na kila upepo una raha zake.

Masika huanza mwezi wa Machi. Tone la kwanza likigusa vumbi, ardhi hutoa harufu ambayo sijapata kuisikia katika chupa yoyote ya manukato. Vyura huanza kusemezana. Mchicha na mchunga huota hata pale ambapo hakuna aliyepanda. Mvua ikikatika asubuhi, hewa huwa imeoshwa, na milima ya Usambara iliyo upande wa magharibi husogea karibu, utadhani unaweza kuifikia kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Kisha kusi hushika, na kipupwe huingia, tangu Juni mpaka Agosti. Bahari huchafuka. Ngalawa nyingi hukaa pwani, na wavuvi huonekana chini ya miti wakitengeneza nyavu. Samaki huwa haba na bei hupanda. Lakini mahindi mabichi yamekomaa, na machungwa ya Muheza yamejaa sokoni. Hindi la kuchoma, uji wa moto wenye tangawizi, na shuka la pili usiku: hayo ndiyo mambo ya kipupwe. Mtu wa Lushoto akisikia kwamba sisi wa pwani tunaita hiyo baridi hucheka, nasi tunamwacha acheke.

Vuli huja Oktoba au Novemba, pepo zikiwa zimelegea. Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi huizunguka taa, na watoto huwakimbiza kwa kelele ambazo hakuna mzazi mwenye moyo wa kuzikataza. Na maembe huiva. Marehemu mke wangu alikuwa na sheria moja juu ya embe dodo. Alisema ni la kuliwa uani, umeinama, maji yakidondoka ardhini. Na kwamba mtu anayelikata kwa kisu na kulipanga kwenye sahani hakulila embe, amelisoma tu. Maneno hayo yalinilenga mimi.

Mwisho ni kaskazi, upepo ulioyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, pamoja na joto la kiangazi. Mchana ni mzito, lakini usiku hulipa. Mkeka hutandikwa nje. Asumini hufunguka giza linapoingia. Muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na kashata moja yatosha kuwakalisha barazani watu wanne kwa saa nzima. Siku za bamvua bahari hujitenga mbali, na watu hutoka hadi kwenye miamba kutafuta pweza.

Hizo ndizo raha ninazozisema. Hakuna hata moja inayouzwa kwa bei ya kumshinda mtu wa kawaida. Lakini, ndugu msomaji, yanipasa nikiri jambo: kwa miaka mingi nilizipita zote.

Nilikuwa ninajenga. Asubuhi nilifundisha, jioni nilisahihisha madaftari, na fedha iliyopatikana iligeuka tofali. Mke wangu alizoea kuniita kutoka uani. “Baba fulani, njoo uone mwezi.” Nami nilijibu, “Nakuja.” Nilisema nakuja kwa mwezi, kwa mvua, kwa harufu ya asumini na kwa embe. Nilidhani raha ni kama pensheni, kwamba mtu hukatwa kidogo kidogo akiwa kijana ili alipwe kwa mkupuo akiwa mzee. Nyumba ilikwisha. Mwaka wa pili baada ya kuhamia, yeye alifariki dunia. Usiku ule wa mvua niliousifu mbele ya jirani ulikuwa miongoni mwa zile za mwanzo ambazo nililala nikaisikiliza mvua kwa kweli, badala ya kuhesabu gharama kichwani. Nilikuwa nimechelewa kujifunza, na pengine ndiyo sababu nilipiga kelele kama mtoto aliyepata kitu kipya.

Sasa nirudi kwenye swali. Wapo watakaosema kuwa kuzisifu raha ndogo ni mchezo wa walioshiba. Mithali yetu yasema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nakubali. Tena naongeza kwamba wapo wenye uwezo wanaopenda sana kumwambia maskini kuwa mwezi ni wa bure, ili asiulize habari za bati. Maneno matamu juu ya mwezi yakitumiwa hivyo ni hila. Wala mvua yenyewe si rafiki wa kila mtu kila mwaka. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi 1998 zilikata barabara, zikabomoa madaraja na kuzamisha mashamba hapa kwetu na Kenya. Wakati ule ni nani angethubutu kusema kuwa mvua ni tamu?

Yule mwanafalsafa wa Kiyunani, Epicurus, aliyefariki mwaka 270 K.K., alifundisha katika bustani yake huko Athens kwamba raha iliyo kubwa haihitaji vitu vingi. Yasimuliwa kuwa alimwomba rafiki yake ampelekee jibini kidogo, ili siku akitaka kufanya karamu, afanye. Nampenda mzee huyo kwa jibini lake. Lakini nikimfikiria hukumbuka kuwa yeye alikuwa na bustani, na bustani ina ukuta. Swali langu ni juu ya aliye nje ya ukuta.

Basi, je, ningeacha kuifurahia mvua? Nilijaribu kulipima jambo hili kwa maisha yangu mwenyewe. Miaka yote ile nilipokuwa sizionji raha hizi, hakuna jirani hata mmoja aliyepata kuti moja kwa sababu hiyo. Kujinyima kwangu hakukumfaa mtu. Kulinipotezea jioni nyingi pamoja na mke wangu, basi. Tena asiyeijua ladha ya usingizi wa mvua hawezi kujua kwa hakika ni kitu gani jirani yake anakikosa. Mimi niliposikia kuwa watoto wale wamekesha wima, niliumia kwa sababu nilikuwa nimetoka kitandani nikiwa nimelala vema. Raha yangu ndiyo iliyonipa kipimo cha tabu yao.

Hata hivyo, nilikuwa sijamaliza kukosea. Baada ya asubuhi ile nilianza kumhurumia yule mama, na katika kumhurumia nilimkosea mara ya pili. Nilimwona kuwa ni mtu wa dhiki tupu. Kiangazi kilipofika nilimwendea, nikamwambia kuwa ninataka kumnunulia makuti kabla ya masika. Alinitazama sana.

“Sitaki sadaka, mwalimu. Nikopeshe. Nitakulipa kwa maandazi.”

Tukakubaliana hivyo. Vijana wa mtaa walikuja kwa msaragambo, wakayashusha makuti mabovu na kuezeka mapya kwa siku mbili, naye akawapikia wali wa nazi. Jioni ya pili tulikaa nje sote kwenye mkeka, na huko ndiko nilikomsikia kwa mara ya kwanza. Alisema hakuna kitu akipendacho kama saa ile ya alfajiri, mafuta yamechemka, watoto bado wamelala, andazi la kwanza linavimba na kugeuka lenyewe. Lile la kwanza haliuzi. Hulila mwenyewe, likimchoma vidole, akilisikiliza jogoo. Alisema pia kuwa usiku wa kaskazi huuhama kabisa ule mlango wake na kulala nje na watoto akiwahesabia nyota. Kumbe alikuwa amezijua raha hizi miaka mingi kabla yangu. Kilichokuwa kimepungua kwake ni paa. Mimi nilikuwa na paa nikapungukiwa na macho.

Nilikula maandazi kila asubuhi kwa muda wa miezi kadhaa. Deni lilipokwisha niliendelea kuyanunua.

Kwa hiyo jibu langu, kwa kadiri nilivyoweza kulifikia, ni hili. Raha ndogo za nyumbani na za nje, zinazokuja na kila majira, si dhambi, wala haifai kuziahirisha. Mwezi haungoji nyumba iishe. Lakini zina deni. Nina kipimo kimoja, nacho ni chepesi: je, naweza kuitaja raha hii mbele ya uso wa jirani yangu? Nikiweza, niifurahie kwa moyo mweupe. Nikishindwa, nisiifiche, wala nisiitupe. Niulize ni kitu gani kinachomzuia yeye asiwe nayo, na kama kitu hicho ni kuti, au bati, au saa moja ya mkono wangu, basi najua la kufanya. Mara nyingine kitu hicho ni kikubwa kuliko mimi. Hapo angalau nitanyamaza kwanza na kusikiliza, kabla sijaanza kusifu.

Masika yaliyofuata yalianza kwa mvua ya usiku. Asubuhi nilitoka mlangoni na kikombe changu, nikajizuia nisiseme neno. Jirani alipita na ndoo yake. Tulisalimiana. Akatua ndoo chini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

“Mwalimu,” alisema, “mvua ya jana ilikuwa tamu.”

Tukacheka. Kisha, bila kuambiana, sote wawili tukageuka kuitazama nyumba ya tatu, ya mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, ambayo makuti yake yalikuwa yameanza kuonyesha mbingu.